JUISI YA KULETEWA MLANGONI: ULIZA IMEKAMULIWA LINI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Siku hizi hapa Raskazone, na Tanga mjini kwa jumla, imeingia biashara ya juisi za kuletewa nyumbani. Unaagiza kwa WhatsApp, bodaboda anafika na chupa ndogo ndogo: embe na pasheni, tikiti na tangawizi, smuthi ya parachichi na maziwa. Juisi hizi wanaziita za "kukamuliwa baridi", maana yake tunda linabanwa kwa mashine na maji yake hayatiwi moto. Waumini kadhaa wameniuliza: Sheikh, zinafaa? Nyumbani kwangu tumeziagiza wiki nzima, kwa sababu sipendi kulisemea jambo nisilolionja.

Jawabu la mwanzo ni jepesi. Matunda ni rizki ya halali, na asili ya vinywaji ni uhalali. Bibi Aisha (Radhiya Allahu anha) amesimulia kwamba kinywaji alichokipenda zaidi Mtume (Swalla Allahu alayhi wasallam) kilikuwa kitamu na cha baridi. Machungwa ya Muheza tunayo, maembe tunayo, ukwaju tunao. Na wengi wanaouza ni mabinti zetu na mama zetu waliokosa ajira, wakaamka alfajiri kumenya matunda. Hiyo ni kazi ya heshima, tuwaungishe.

Lakini siku ya nne chupa ilifika saa nane mchana, imepigwa jua, haina tarehe. Nilipoifungua ilitoa hewa na povu. Nikampigia muuzaji nikamuuliza imekamuliwa lini. Akasema, "Sheikh, ni ya jana au juzi, haina neno."

Ndugu zangu, lina neno. Sisi watu wa Pwani tusijifanye hatujui. Nani hapa Tanga hajui habari ya tembo la mnazi? Likigemwa asubuhi ni tamu, mtoto anakunywa. Likikaa hadi jioni limekuwa kali, linalewesha. Mnazi ni ule ule na mgema ni yule yule. Kilichobadilika ni saa, na kwa kubadilika saa ikabadilika hukumu. Juisi ya matunda isiyochemshwa nayo ina sukari na ina hamira ya asili inayotoka kwenye maganda. Ikikosa baridi, hasa katika joto letu la kaskazi, huanza kuchacha.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha hili kwa vitendo. Katika Sahih Muslim, Ibn Abbas (R.A.) anaeleza kuwa Mtume aliroweshewa zabibu kavu, akawa anakunywa maji yake siku ile, kesho yake na kesho kutwa hadi jioni. Baada ya hapo huamuru wapewe wengine au yamwagwe. Tazama mafundisho: kinywaji kilikuwa kinahesabiwa siku zake. Na sisi tusiishike siku ya tatu kama idhini. Yakionekana mabadiliko siku ya kwanza, basi ni siku ya kwanza. Kilichofikia kulewesha ni haramu, kingi chake na kidogo chake.

Mwingine atauliza kuhusu smuthi za mchanganyiko, kwa kuwa amesikia Mtume alikataza kurowesha tende na zabibu pamoja. Wanavyuoni wameeleza kuwa sababu ni kwamba mchanganyiko huo huharakisha ulevi kabla mtu hajautambua kwa ladha. Ukisaga embe na ndizi kwenye blenda ukanywa papo hapo, hakuna tatizo. Tatizo ni kuchanganya kisha kuweka.

Na si ulevi peke yake. Marekani mwaka 1996, juisi ya tufaha iliyouzwa bila kuchemshwa ilibeba vijidudu, watu zaidi ya 60 wakaugua na mtoto mmoja akafariki. Hiyo ni nchi yenye mafriji na maabara. Sembuse chupa iliyo kwenye mfuko wa bodaboda inayotoka Ngamiani mchana kweupe?

Sasa nije kwenye rai yangu. Juisi ya dukani unaiona ikikamuliwa mbele yako. Hii ya kuletewa huioni: hujui matunda yaliyooza yaliondolewa au yalisagwa humo humo, hujui maji yametoka wapi, hujui sukari imetiwa kiasi gani. Unanunua kwa kuamini. Kwa hiyo ile chupa ni amana, na tarehe ni sehemu ya amana hiyo. Mnakijua kisa mashuhuri cha Sayyidna Umar (R.A.) na yule binti aliyeambiwa na mama yake achanganye maziwa na maji. Binti alikataa akasema kama Umar hatuoni, Mola wa Umar anatuona. Na Mtume mwenyewe aliingiza mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta chini ni mbichi, akamuuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka ubichi juu watu wauone, kisha akasema mwenye kughushi si miongoni mwetu. Kuficha umri wa juisi ni kuuficha ubichi chini ya rundo.

Najua wauzaji watasema: "Sheikh, nikiandika tarehe, za jana hazinunuliwi, nami mtaji wangu mdogo." Jibu ni kukamua kwa oda. Pokea oda usiku, kamua alfajiri, peleka asubuhi kwenye kisanduku chenye barafu. Andika siku, saa na vilivyomo, hata kwa kalamu. Na usimamizi wa vyakula tangu 2019 uko TBS, nendeni mkaelekezwe. Mteja mkweli utamkosa leo, kesho atakuletea watatu.

Jambo jingine, acheni kuandika "inatibu kisukari, inatoa sumu mwilini". Kusafisha mwili Allah amelipa kazi hiyo ini na figo. Glasi moja ya juisi ya machungwa matupu ina sukari zaidi ya gramu 20, na nyuzinyuzi za tunda zimebaki kwenye kapi. Mgonjwa wa kisukari akiacha dawa za Bombo kwa ajili ya chupa hiyo, aliyemdanganya ana dhima mbele ya Allah.

Nanyi wanunuzi, ulizeni maswali matatu kabla ya kulipa: imekamuliwa lini, ina nini ndani, imesafiri vipi? Ikiwa kifuniko kimevimba, ina povu au inanuka kuchacha, mwaga, wala usimpe mtoto wala jirani. Wala usione haya kuuliza ukidhani ni kumvunjia mtu heshima. Muuzaji mwaminifu hufurahi kuulizwa, kwa kuwa jibu analo.

Allah atubarikie katika rizki zetu na atujaalie ukweli katika biashara zetu. Aamin.

Wallahu a'lam. Mfikishie na mwenzio, hasa anayeuza.