Msituambie Ni Sinema Tu

Tuanze na kisa kidogo. Jumamosi moja ya baridi tulikusanyika familia nne au tano, tukala pilau, tukanywa chai ya tangawizi, kisha vijana wakatuwekea Titanic, ile sinema ya James Cameron ya mwaka 1997 ambayo kila mmoja wetu ameshaiona mara tatu na kila mmoja hujifanya anaiona kwa mara ya kwanza. Tulipofika mwisho, Rose amelala juu ya ubao na Jack yumo majini anaganda, binti mmoja wa miaka kumi akauliza: "Mjomba, mbona hawapandi kwa zamu?" Chumba kizima kikamgeukia. "Nyamaza mwanangu, hiyo ni sinema tu." Akanyamaza, nasi tukaendelea kufuta machozi.

Njiani kurudi nyumbani tuliona haya. Watu wazima wote wale, na ndani yao wahandisi waliopelekwa ng'ambo kusomea ni kitu gani kinaelea na kitu gani kinazama, na hakuna hata mmoja aliyemjibu mtoto swali la fizikia ya sekondari!

Basi tulijibu hapa. Katika sinema yenyewe Jack anajaribu kupanda, ubao unapinduka, anarudi majini. Watu hubishana kuhusu nafasi, wakipima ubao kwa macho na kusema wawili wangetosha. Nafasi si hoja. Ubao una kikomo cha uzito unaoweza kuubeba; ukikizidi, unazama kidogo, na aliye juu yake anakuwa amelowa karibu sawa na aliye majini. Maji ya Atlantiki usiku ule wa Aprili 1912 yalikuwa kama nyuzi 2 chini ya sifuri, yamezuiwa na chumvi tu yasigande. La kuuliza, kwa hiyo, ni kiasi gani cha mwili kingebaki nje ya maji. Kwa zamu? Kila kubadilishana ni kuutikisa ubao, na kila anayeshuka analowa upya. Lakini mwaka 2012 watu wa kipindi cha MythBusters walionyesha njia nyingine: wakafunga jaketi la kuelea chini ya ubao, ukawabeba wawili. Cameron aliwajibu kwamba muswada unasema Jack anakufa, basi hana budi kufa. Hata hivyo swali halikumtoka. Mwaka 2023, katika kipindi cha National Geographic, aliwaweka watu wawili kwenye maji baridi na ubao wa kipimo kile kile, akajaribu njia moja baada ya nyingine, na mwishowe akakiri kwamba huenda Jack angepona, ingawa mambo mengi yangebidi yaende sawa.

Huyo huyo Cameron aliwahi kuambiwa na mwanafalaki Neil deGrasse Tyson kwamba nyota zinazoonekana juu ya Rose usiku ule si nyota za mahali pale wala saa ile. Angeweza kusema ni sinema tu. Badala yake, sinema ilipotolewa upya mwaka 2012, mbingu ilikuwa imerekebishwa. Ni watazamaji wangapi wangegundua? Hata mia hawafiki, tunadhani. Alirekebisha kwa sababu swali lilikuwa la haki.

Sasa mlinganishe na mwenzake. Mwaka 1998 ilitoka Armageddon ya Michael Bay. Jiwe la angani lenye ukubwa wa jimbo la Texas linakuja kuigonga dunia, zimebaki siku 18, na serikali ya Marekani inaamua kuwafundisha wachimbaji wa visima vya mafuta kuwa wanaanga. Ben Affleck, mmoja wa waigizaji wakuu, amesimulia katika maelezo yaliyorekodiwa kwa ajili ya DVD kwamba alimuuliza Bay: kwa nini iwe rahisi zaidi kumfundisha mchimbaji kuwa mwanaanga kuliko kumfundisha mwanaanga kuchimba? Bay akamwambia afunge mdomo. Mwigizaji mwenyewe, anayelipwa, anauliza juu ya kazi anayoifanya, na jibu ni lile lile alilopewa binti wetu, ila kwa lugha chafu zaidi. (Sisi tungeongeza swali la pili. Shimo walilotakiwa kuchimba ni futi 800, yaani kama mita 240. Texas kutoka mashariki hadi magharibi ni zaidi ya kilomita 1,000. Ni sawa na kutaka kulipasua jabali kwa kulitoboa ngozi.)

Kuna watakaosema tunakuza mambo. Sinema haimuui mtu. Kweli. Lakini sisi tunatoka kwenye kazi ambayo swali likizimwa watu hufa, na pengine ndiyo maana masikio yetu ni mepesi. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986 wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za chombo cha Challenger walionya kwamba mipira ya kuzibia maungio haitafanya kazi katika baridi ile. Wakubwa wao wakawapuuza. Asubuhi yake chombo kikaruka, na baada ya sekunde 73 kikapasuka, watu saba wakafa. Hatusemi Michael Bay ana damu ya mtu mikononi. Tunasema mazoea ya kumnyamazisha anayeuliza huanzia mahali fulani, na sebule yenye runinga ni mahali pazuri sana pa kuyajifunza.

Wazee wenzetu wamekuja na hoja nzito zaidi. Wanasema: nyinyi mmesahau kwenu? Msimulizi wetu alipoanza, sote tuliitikia, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Tuliukaribisha uongo wenyewe kwa vinywa vyetu; leo mnaudai stakabadhi? Hoja hii tunaiheshimu, maana nusu yake ni kweli. Sungura akisema, hatuulizi amejifunza wapi Kiswahili. Huo ndio uongo tulioualika. Lakini sungura huyo akitumbukia kisimani jioni, na asubuhi yuko shambani anaiba karanga, hakuna mtoto wa Unguja, wa Tanga wala wa Lamu aliyekaa kimya. "Bibi, katokaje kisimani?" Na bibi alijibu! Pengine alilitunga jibu pale pale, akameza mate na kutuambia fisi alipita akiwa na kiu, akadanganywa aingie ndoo ya pili. Hakutuambia ni hadithi tu. Uongo tuliualika, naam, ila uongo wenye mlango wa kuingilia na wa kutokea.

Andy Weir, aliyetunga The Martian, kitabu kilichofanywa sinema mwaka 2015, ni mfano wa bibi wa aina hiyo. Kisa chote kinaanza na dhoruba ya upepo katika sayari ya Mars, inayomjeruhi mtu na kutishia kuangusha roketi. Hewa ya Mars ni nyembamba mno, mgandamizo wake haufiki hata asilimia 1 ya huu wetu. Upepo wa huko, hata uende kasi vipi, haungeweza kuiyumbisha roketi. Weir alilijua hilo tangu mwanzo na amelisema waziwazi: alihitaji dhoruba, akaichukua. Baada ya hapo akahesabu viazi, maji na oksijeni kwa uaminifu wa mtunza ghala. Tumemsamehe dhoruba yake kwa moyo mkunjufu.

Hapa tukiri kosa la upande wetu pia, kwa sababu wapo wauliza maswali ambao ni adha. Huyu hatazami, anawinda. Anatoka chooni sinema ikiwa katikati na kuuliza yule ni nani. Katika Citizen Kane ya mwaka 1941, Kane anakufa akitamka neno moja, na sinema nzima ni mwandishi wa habari akitafuta maana ya neno lile. Kwa miaka mingi watu wamecheka: chumbani hamkuwa na mtu, nani alilisikia? Lakini karibu na mwisho mtumishi wake, Raymond, anasema kwamba alilisikia yeye. Pengo halikuwa kwenye hadithi, lilikuwa kwenye usikivu wa watu. Kabla ya kumshitaki mtunzi, basi, turudishe nyuma dakika kumi.

Na kuna swali ambalo mtunzi ameliacha wazi kwa makusudi. Hilo ni fumbo, si pengo. Vertigo ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1958, inaanza na askari kanzu Scottie akining'inia kwenye mfereji wa paa, vidole vinateleza, chini ni maghorofa. Halafu tunamwona amekaa nyumbani kwa rafiki yake, na fimbo mkononi. Aliteremkaje? Hatuambiwi hadi mwisho. Angesahau mwongozaji mwingine, tungesema ni uzembe. Kwa Hitchcock, mtu yule anabaki ananing'inia kwa saa mbili zote, hata anapokunywa chai, na sisi pamoja naye. Vivyo hivyo The Sopranos ilipokatika na kuwa giza tupu usiku wa tarehe 10 Juni 2007, watazamaji wengi walidhani televisheni zao zimeharibika. Shahrazadi wa Alfu Lela u Lela aliokoa shingo yake kwa ufundi huo huo. Fumbo humfanya mtazamaji aendelee kufikiri; pengo humwonyesha kwamba mtunzi ndiye aliyeacha kufikiri.

Mtatuuliza, na pengo lisilozibika je? Lipo, na halikuiua sinema. Wakati wa kutengeneza The Big Sleep, iliyotoka mwaka 1946, Howard Hawks na waandishi wake, akiwemo William Faulkner, walishindwa kujua nani amemuua dereva. Wakampelekea simu ya maandishi Raymond Chandler, mwenye kitabu. Chandler akajibu kwamba na yeye hajui. Tunampenda kwa jibu hilo kuliko kwa kitabu kizima.

Sasa turudi kwetu, maana hapa ndipo panapotuuma.

Ilipotoka Black Panther mwaka 2018 tulijazana kwenye majumba ya sinema, wengine na kanzu, wengine na vitenge, na tukatoka tukinong'ona: Wakanda kwa kawaida huwekwa upande wetu wa Afrika Mashariki, mbona wanazungumza Kikhosa cha Afrika Kusini? Jibu limo nje ya hadithi: katika sinema iliyotangulia, ya mwaka 2016, baba yake mfalme aliigizwa na John Kani, ambaye ndiyo lugha yake, na ikaendelezwa. Sababu nzuri tu. Lakini hatukuona haya kuuliza, na hakuna aliyetuambia tunawavunja moyo Wamarekani.

Filamu za nyumbani je? Enzi za kanda na DVD tuliagiza mizigo kutoka Dar, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, na siku hizi zinapatikana kwa simu. Mgonjwa amezimia siku tatu, wanja haujatoka. Bwana anaagana na mkewe Kariakoo, onyesho linalofuata anabisha hodi Mwanza na shati halijakunjika. Mirathi yote inategemea barua ambayo hatukuambiwa nani aliiandika. Watoto wetu, waliozaliwa huku, wanauliza. Sisi tunawakatisha: msiwaseme vijana wa watu, bajeti ni ndogo, muwe na uzalendo. Bajeti! Barua kujulikana mwandishi wake inahitaji sentensi moja, na sentensi hailipiwi kwa dola.

Tunajiona tunatetea cha kwetu kumbe tunakidharau. Mtoto anasikia kwamba Titanic inastahili kupimwa kwa sayansi na kubishaniwa miaka 25, na kwamba hadithi ya Kiswahili haistahili hata "kwa nini" moja. Halafu tunashangaa akifika miaka kumi na tano hataki kukaa nasi kuitazama, na Kiswahili chenyewe anakijibu kwa Kiingereza. Tumemfundisha sisi kwamba huko kwa wazazi maswali hayaruhusiwi.

Wala hatukosi mila ya kujibu. Katika vibanda vya video, Lufufu kule Tanzania na DJ Afro kule Kenya walijipatia jina kwa kusimulia kwa Kiswahili sinema za kigeni, sauti yao juu ya sauti ya picha. Msimulizi wa namna hiyo ana uhuru wa kuongeza lake: huyu kakasirika kwa sababu gani, yule katokea wapi, kwa nini stelingi hakupiga risasi alipokuwa na nafasi. Bibi alifanya kazi ile ile gizani bila umeme. Hadhira iliyokaa kwenye mabenchi, imelipa kiingilio, haikubali kuambiwa inyamaze.

Tulimpigia simu yule binti wiki iliyofuata, tukamweleza habari za ubao, uzito na baridi, na jaketi la kuelea. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akasema, "Lakini Mjomba, Rose si alikuwa ameshapanda boti ya uokoaji, akaruka kurudi melini? Angebaki kule, ubao ungekuwa wa Jack peke yake."

Tumemwomba atupe mpaka Jumamosi.