Jani lililo kwenye boksi la dawa ya mseto

Mama, ukitazama vizuri maboksi ya dawa ya mseto, kwenye baadhi yake utaona pamechorwa jani dogo la kijani. Bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake mwenye homa hapa Manchira alinionyesha jani hilo kwa kidole. "Nesi, kumbe dawa yenyewe ni majani? Sasa si tuchemshe tu nyumbani?" Nyuma ya nyumba yake kuna shina la artemisia, ambayo wengine huiita pakanga. Pia anakumbuka Mei 2020, Tanzania ilipotuma ndege Madagascar kuchukua kinywaji cha mmea huo kwa ajili ya korona.

Swali lake ni zuri, na huenda na wewe unalo. Ni kweli, dawa ilianzia kwenye jani. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuitoa dawa hiyo, artemisinini, kwenye mmea huo. Lakini kilo moja ya majani makavu ina gramu chache tu za artemisinini, na hazilingani kutoka shamba moja hadi jingine. Tena artemisinini haiyeyuki vizuri kwenye maji. Ukichemsha majani, hujui mtoto amekunywa kiasi gani. Kikiwa kidogo, homa inaweza kushuka kidogo, ukafurahi, huku vimelea vya malaria vikibaki kwenye damu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2019 kwamba haliungi mkono chai wala unga wa artemisia kwa kutibu au kukinga malaria.

Lile jani kwenye boksi ni alama tu. Iliwekwa na mpango wa kimataifa ulioanza 2010 ili watu watambue dawa ya mseto yenye ubora na bei nafuu. Halikumaanisha "chemsha".

Kati ya jani na kidonge kuna safari ndefu, na hiyo ndiyo inayoamua kama utaikuta dawa siku mtoto akiumwa. Kutoka kupanda mbegu hadi kidonge kufika dukani hupita zaidi ya mwaka mmoja. Wakulima wa Kenya, Uganda na hapa kwetu Tanzania nao walihimizwa kupanda artemisia. Mwaka 2005 kilo ya artemisinini ilipita dola 1,000. Watu wakalima kwa wingi, na kufikia 2007 bei ilikuwa imeanguka hadi karibu dola 200. Wengi wakang'oa wakarudi kwenye mahindi, kisha miaka michache baadaye bei ikapanda tena. Aliyewahi kulima pamba Serengeti hahitaji kuelezwa zaidi.

Hapo ndipo wataalamu wa viwandani walipoingia. Ndani ya jani kuna kitu kingine, ndugu wa artemisinini, kiitwacho asidi ya artemisiniki. Zamani kilitupwa na makapi. Kinaweza kugeuzwa kuwa artemisinini kwa kukiongezea oksijeni kwa msaada wa mwanga. Oksijeni hiyo ndiyo yenye kazi: chembe zake mbili zilizoshikana, zikikutana na chuma kilichomo kwenye damu anayokula mdudu wa malaria, hupasuka na kumuua.

Tatizo lilikuwa chombo. Fikiria bwawa letu la Manchira: jua linawaka juu, lakini chini kabisa ni giza. Ndivyo ilivyo kwenye pipa kubwa la kiwandani. Mwanga hauingii ndani, na oksijeni nyingi pamoja na vimiminika vinavyowaka moto inaweza kulipuka. Mwaka 2012 Peter Seeberger na mwenzake François Lévesque, wa Taasisi ya Max Planck huko Ujerumani, walionyesha njia nyingine. Walichukua bomba jembamba la plastiki, wakalizungushia taa, wakapitisha ndani yake mchanganyiko pamoja na oksijeni. Kilichoingia upande mmoja kama asidi kilitoka upande wa pili kikiwa artemisinini, kwa dakika nne na nusu hivi.

Njia hii huitwa utengenezaji wa mfululizo. Mimi huieleza kwa mambo tunayoyaona. Ugali wa msibani unapikwa kwenye sufuria moja kubwa: chini unaungua, katikati una mabonge, na ukiharibika umeharibika wote. Mashine ya kusaga haifanyi hivyo. Unamimina mahindi juu, unga unatoka chini, na ukiona unga ni mkubwa unarekebisha hapo hapo bila kumwaga gunia zima. Viwanda vingi vya dawa bado vinapika kwa sufuria.

Mabadiliko yameanza kwenye dawa nyingine. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kidonge cha darunavir, cha watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, kihame kutoka njia ya sufuria kwenda njia ya mfululizo. Kikundi cha Frank Gupton, katika Virginia Commonwealth University, kilitafuta njia fupi na ya bei ndogo ya kutengeneza nevirapine, ile dawa ya maji wanayopewa watoto wachanga wa mama wenye virusi, na mabomba ya namna hii yalikuwa sehemu ya kazi hiyo.

Kwa upande wa malaria, nisikudanganye, sehemu kubwa ya artemisinini bado inatoka shambani. Kampuni ya Sanofi ilianza mwaka 2013 kuitengeneza Italia kwa wingi, ikianzia na asidi iliyotolewa na hamira, lakini bei ya shambani ikashuka chini ya yake na kiwanda kikauzwa. Mabomba nayo yana mambo yake: huziba, yanataka umeme usiokatika, na vifaa ni ghali. Viwanda vingi vya Afrika Mashariki vinaagiza unga wa dawa kutoka India na China, kisha vinaubana kuwa vidonge. Hata hivyo tunaweza. Mwaka 2023 Universal Corporation ya Kikuyu, Kenya, ilipata kibali cha ubora cha Shirika la Afya Duniani kwa vidonge vya SP, vile unavyomeza kliniki ukiwa mjamzito. Kwa maoni yangu hapo ndipo pa kusukuma, hasa baada ya Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada na sisi tuliozoea dawa za wafadhili tukaanza kuhesabu maboksi.

Wakati hayo yanasubiriwa, dawa tuliyonayo isichezewe. Mkoani Kagera, ng'ambo ya ziwa, wamethibitisha vimelea ambavyo artemisinini huchelewa kuviua. Dawa ya mseto bado inaponya kwa sababu ndani yake kuna dawa mbili, na dozi nusunusu ndizo zinazovipa vimelea nafasi ya kujizoesha.

Kwa hiyo mtoto apimwe kwanza. Akikutwa na malaria, dozi ni sita kwa siku tatu: ya kwanza hapo hapo, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni siku mbili zinazofuata. Idadi ya vidonge hufuata uzito wake. Mpe pamoja na maziwa, uji au titi, kwani mafuta husaidia dawa kuingia mwilini. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi hiyo, na uje kituoni uongezewe ili zisipungue. Akipata degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu au akilala mno bila kuamka vizuri, usingoje kidonge. Mpeleke hospitali usiku huo huo.

Mjukuu wa yule bibi alimaliza dozi zake siku ya tatu. Pakanga bado ipo nyuma ya nyumba, na bibi anasema inafukuza mbu. Hilo sijabishana naye, mradi chandarua kipo kitandani.