Ushago Kwenu ni Wapi?

Wakenya tuna swali ambalo hatulichoki: ushago kwenu ni wapi? Tunadhani kila mtu ana kijiji, kaburi la babu na jina linalomrudisha huko. Kuna Wakenya ambao jina lao haliwarudishi popote, na hilo si kosa lao.

Ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, mwaka 1875, wamishenari wa Kianglikana walianzisha Frere Town kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Kulikuwa na Wayao, Wamakua, Wanyasa, na watoto waliotekwa wakiwa wadogo hata hawakumbuki kwao. Wengi wakabatizwa kwa majina ya Kizungu. Mfano wa jina la aina hiyo ni Jacob Wainwright, Myao aliyesomeshwa na mishenari huko Nashik, India, kisha akasindikiza maiti ya Livingstone hadi London mwaka 1874. Lifuate jina lake, utafika Uingereza kwa watu wasiomhusu.

Kwa hivyo wawili wenye jina kama hilo huenda hawana babu mmoja. Walichorithi ni safari moja. Kiswahili kina neno la undugu huo: mjoli, yaani mtumwa mwenzako wa bwana mmoja. Wajoli walilea, walizika, walioza. Kama huo si ukoo, basi ukoo ni nini?

Sasa nyinyi wenye shajara ndefu, baba kwa baba mpaka Oman au Hadhramaut. Hebu nitajieni nyanya zenu. Kimya, sivyo? Kisheria, mtoto wa suria na bwana wake alizaliwa huru, akabeba nasaba ya baba. Jina la mama likaishia jikoni. Emily Ruete alikuwa binti wa Sultani Said wa Unguja. Mamake alikuwa suria, aliyetekwa utotoni huko Caucasus. Na Unguja ilipofuta hadhi ya utumwa mwaka 1897, masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Hata uhuru uliwasahau.

Basi anayenong'ona arusini kwamba bwana harusi "ni mzalia tu" achunge mdomo. Huenda anamtukana nyanyake mwenyewe.

Mtasema, mbona kufukua ya kale? Ajabu ni kwamba wanaosema hivyo ndio wa kwanza kudai nasaba posa ikiletwa. Ya kale wanayafukua kila siku, ila kwa upande wa baba, tena upande unaong'aa.

Aibu ya utumwa ni ya aliyenunua, si ya aliyenunuliwa. Ukitafuta asili yako, anza na wazee wa kike kabla hawajaondoka na majina. Na mtu akikwambia ushago kwao ni Frere Town, usimwulize "lakini asili hasa?" Ameshakujibu.