Vitabu vya Kanisa Wakati wa Mashaka



Wako watu wema wanaouliza hivi: Katika nchi yetu ya Beni na Butembo, ambako tangu Oktoba 2014 watu wengi wameuawa na jamaa nyingi zimekimbia vijiji vyao, ya nini kununua na kutunza vitabu vya teolojia? Fedha hizo je, zisingewalisha yatima? Swali hili halina dhihaka ndani yake, nalo lastahili jibu.

Na tumsikilize kwanza Mwafrika mwenzetu, Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo, mji uliokuwa katika nchi iitwayo leo Algeria. Mwaka 430 alilala mgonjwa, na mji wake umezingirwa na jeshi la Wavandali. Possidius, rafiki yake aliyeandika habari za maisha yake, atueleza kwamba Augustino hakufanya wasia wowote, kwa kuwa alikuwa maskini wa Mungu, asiye na mali ya kurithisha. Neno moja tu aliliagiza daima: maktaba ya kanisa na vitabu vyake vyote vitunzwe vema kwa ajili ya watakaokuja nyuma. Alifariki tarehe 28 Agosti, na baadaye mji ule ukateketezwa kwa moto. Lakini maandiko yake yangali yasomwa katika seminari za ulimwengu wote.

Mapadri wa Shirika la Assomption, waliofika kwetu mwaka 1929, hufuata Kanuni ya Mtakatifu huyo. Kanuni hiyo yaagiza kwamba vitabu viombwe kila siku kwa saa iliyowekwa. Aombaye nje ya saa hiyo asipewe. Basi hata nyumbani mwa watu walioshiriki vitu vyote, kitabu kilikuwa na mtunzaji wake na saa yake. Katika shirika hilo alitoka Monsinyori Henri Piérard, aliyepewa kuongoza Vikarieti ya Beni mwaka 1938. Na mwaka 1966 kiti chake kikakaliwa na Monsinyori Emmanuel Kataliko, mwana wa nchi hii. Lakini mwana wa nchi hawezi kuwa mchungaji pasipo masomo, wala masomo hayapatikani pasipo vitabu.

Maktaba ya teolojia, basi, ina kazi gani? Humo yamo Maandiko Matakatifu pamoja na maelezo yake, maandiko ya Mababa wa Kanisa, hati za Mitaguso, sheria za Kanisa, vitabu vya liturgia na historia. Padri huvichungua kabla ya kupanda mimbarini, ili awape watu mafundisho ya Kanisa, asije akawapa mawazo yake mwenyewe. Katekista naye hujifunza humo, maana huko kijijini yeye ndiye aulizwaye kwanza.

Kumbukeni ugonjwa wa Ebola, uliotangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018, usikome hata Juni 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Kumwosha marehemu na kumgusa kulileta mauti nyumbani. Katika saa kama ile mkristu mwenye uchungu hutaka kujua: Nikimzika mama yangu bila kumwosha, nimemkosea Mungu? Hapo katekista asiyesoma hunyamaza, au hubuni. Aliyesoma hujibu kwa upole kwamba kuzika wafu ni tendo la huruma, na kwamba ibada ya mazishi yataka sala kwa ajili ya marehemu, wala haidai kuosha maiti. Jibu hilo lafariji, na laweza kuokoa jamaa nzima. Mwamuulizaje tena kama vitabu vyasaidia yatima? Huenda vimewazuia wengine wasiwe yatima.

Tena, Oktoba 2012 mapadri watatu wa Assomption walitekwa huko Mbau, wala hawajarudi. Twawaombea. Mwalimu aweza kuondolewa kwa usiku mmoja, pamoja na yote aliyoyajua; yaliyowekwa katika vitabu hubaki kumfundisha atakayeshika mahali pake. Mkulima wa kwetu, hata mwaka wa njaa, hutenga maharagwe ya mbegu. Watoto hulia, naye huumia moyoni. Lakini ajua kwamba akiila mbegu, mwaka ujao hapana shamba.

Mwaka 1989 Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kilianzishwa Butembo, na vijana wetu hawalazimiki wote kwenda mbali kutafuta elimu. Lakini kazi haiishii chuoni. Ninyi wanafunzi, shikeni kitabu kwa mikono safi, msikunje karatasi zake, mkirudishe siku iliyosemwa, maana mwenzenu akingoja. Ninyi wakubwa wa parokia, wekeni kabati mbali na ukuta wenye unyevu, mlichungue kila juma kwa ajili ya mchwa, mkamchague mtu mmoja mwaminifu wa kuandika daftari la waazimao. Nanyi wazazi, wenye katekisimu za zamani au nyimbo za kale za Kinande sandukuni, mpelekeeni padri azione kabla panya hawajazimaliza.

Akiba haiozi, walisema wazee. Askofu wa Hippo aliwaachia akiba watu asiowajua, na sisi tu miongoni mwao.