Ziwa la Mabayani si Pipa

Wako watu wasemao ya kuwa ziwa la Mabayani, lisilo mbali na Pongwe yetu, si ziwa bali ni pipa la mji wa Tanga. Lilijengwa mwaka 1978, wasema, halina habari za kale. Basi kulitunza ni kazi ya wenye mabomba. Maneno haya twayakataa.

Boma la kuzuia maji ni la 1978, kweli; lakini maji yenyewe ni ya mto Zigi, uliokuwako kabla ya babu za babu zetu. Mto huu washuka kutoka misitu ya Amani, katika Usambara ya Mashariki, hata baharini upande wa Amboni. Katika misitu ile mna mimea isiyoota penginepo duniani. Ua dogo la zambarau la huko lilipelekwa Ujerumani na bwana mkubwa wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, na mwaka 1893 wataalamu wakalipa jina lake. Leo lapandwa madirishani Ulaya na Marekani, na sisi jirani zake hatulijui! Nani basi asemaye hatuna urithi?

Tena msitu hunywa mvua na kuitoa polepole, hata wakati wa kiangazi mto una maji. Mti ukikatwa, na shamba likilimwa mpaka ukingoni, mvua huchukua udongo. Maji yakitulia ziwani, udongo huzama, na kina hupungua mwaka kwa mwaka. Sheria ya Mazingira ya 2004 yakataza kazi za kuharibu katika mita 60 za ukingo wa mto. Je, ni wangapi kwetu wanaozipima?

Wala tusimlaumu mkulima wa mlimani peke yake. Anywaye maji mjini naye ana deni kwa yule aachaye mti usimame.

Ndugu wasomaji, twaijua habari ya Isaka, na Wafilisti waliovifukia kwa udongo visima vya Ibrahimu baba yake. Twawashutumu sana. Walakini wao walifukia kisima cha jirani kwa wivu. Sisi twafukia kisima tunachokunywa wenyewe, kwa uvivu. Ni nani aliye mpumbavu zaidi? Kabla ya mvua za masika, kila mwenye shamba mtoni na apime mita zake 60, apande miti.