Klarineti Ina Somo kwa Watu wa Mto Tana

Wapo wenzetu wanaoamini kwamba muziki wa aina mbili ukichanganywa, mmoja hauna budi kufa. Mimi, mkazi wa Madogo, napinga dhana hiyo, na shahidi wangu ni klarineti, jamaa wa zumari yetu ya pwani.

Ala hiyo ilizaliwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 18, naye Mozart akaitungia kazi tukufu. Baadaye Wamarekani weusi wa New Orleans waliifanya ilie na kucheka katika jazi. Mnamo Februari 1924, George Gershwin alipotoa “Rhapsody in Blue” jijini New York, mpulizaji Ross Gorman alianza kwa sauti iliyoteleza kutoka chini hadi juu bila kukatika. Jazi na muziki wa klasiki vikakutana katika pumzi moja. Benny Goodman, bingwa wa jazi, alirekodi pia utungo wa Mozart mwaka 1938. Hata baada ya sifa zake kuenea duniani, alikubali kuwa mwanafunzi tena ili ajifunze upya namna ya kupuliza. Hakudharau upande wowote.

Nasi tunao mfano wetu. Wimbo wa Taifa ulitokana na bembelezi ya Wapokomo wa mto huu. Mwaka 1963 jopo la wanamuziki, akiwemo Graham Hyslop, liliupanga upya kwa upatanifu wa sauti wa Kizungu, nao hupigwa na bendi za kijeshi, ambamo klarineti hubeba sehemu kubwa ya sauti kuu. Bembelezi haikufa, imelisimamisha taifa zima.

Lakini ni watoto wangapi wa kwetu wanaoelezwa hayo? Naiomba Serikali ya Kaunti izipatie shule ala, hata kama ni chache, na walimu wawaalike wazee wawafundishe watoto nyimbo za Wapokomo na za wafugaji Waorma sambamba na noti.

Najua nitaulizwa: klarineti ya nini, ilhali mafuriko ya 2024 yaliifunika barabara yetu ya kwenda Garissa? Jibu langu ni kwamba waliotuachia bembelezi ile nao waliishi na mafuriko ya mto huu, na bado waliimba. Barabara na ijengwe, na mtoto naye afundishwe cha kwao na cha wenzake. Mwacha mila ni mtumwa.