Neno la Mhariri: Aliyejikwaa Juzi

Makala nne kati ya zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zinabishania jambo moja: mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu anayekabidhiwa kundi la mwaka wa kwanza, aliongoze kama mwelekezi katika fizikia au kemia, awe na GPA ya ngapi? Mmoja anataka 3.5, mwingine 3.8. Nimezisoma mara mbili, na mara zote mbili zimeniudhi. Tunagombania alama za mtu kabla hatujaulizana anakwenda kufanya nini pale mezani, nani atamfundisha kukifanya, na nani atamsikiliza akirudi.

Nilipokuwa mwaka wa kwanza, moli ilinishinda. Mhadhiri aliieleza kwa utaratibu, kwa Kiingereza safi, akaandika ubaoni 6.02 × 10²³. Niliinakili, nikaikariri, nisijue ni ya nini. Usiku ule kwenye diskasheni, kijana wa mwaka wa pili ambaye baba yake aliuza boriti akatuuliza: korija moja ya boriti ni ngapi? Ishirini. Na korija ya fito? Ishirini vilevile. Ipi nzito? Tulinyamaza, maana tulishaona anakotupeleka. Moli ni korija ya chembe: idadi ni ileile, uzito ni wa kila kitu na chake, ndiyo maana moli ya kaboni ni gramu 12 na ya chuma ni kama 56. Alituuliza maswali matatu tu, jibu tukalifikia wenyewe. Kijana huyo alikuwa amefanya sapu ya kozi hiyohiyo mwaka uliotangulia. Kwa vigezo vya wachangiaji wetu, asingeruhusiwa kuisogelea meza ile.

Sisemi kufeli ni sifa. Nasema aliyejikwaa juzi bado anakijua kisiki kilipo. Mhadhiri ameipita njia hiyo miaka ishirini, mguu wake umezoea kukiruka, hakioni tena. Eric Mazur aliligundua hilo Harvard, aliposhindwa kulieleza swali la fizikia likaeleweka, akawaambia wanafunzi wazungumze na jirani zao, na katika dakika chache wakaeleweshana.

Mpango wa wanafunzi wasaidizi wa ufundishaji wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ulioanza mwaka 2003, wasomaji wetu wanaujua, sitaurudia. Nataka tu kukumbusha yale tunayoyakata kila tunapouiga. Kule mwanafunzi msaidizi husoma kozi ya ufundishaji katika muhula wake wa kwanza wa kazi, hukaa na mhadhiri kila wiki kuandaa kipindi kijacho, na hulipwa. Sisi tunachukua kundi. Mafunzo, kikao na malipo tunaviacha. Kinachobaki kinafanana na shule aliyoifungua Joseph Lancaster London mwaka 1798, ambako mwalimu mmoja alisimamia mamia ya watoto kwa kuwatumia wakubwa wawafundishe wadogo, kwa sababu ilikuwa rahisi kwa mfuko. Mwanafunzi anayesubiri bumu ili ale hapaswi kuziba pengo la wahadhiri bila posho, kisha akapewa cheti cha shukrani.

Makala mbili zilijaa neno “wanafunzi dhaifu”. Niliwaomba waandishi waliondoe, mmoja amekubali. Deanna Martin alipoanzisha mpango wake wa wanafunzi kuwaongoza wenzao Kansas City, Missouri, mwaka 1973, aliinyooshea kidole kozi, si mtu: ambapo asilimia 30 au zaidi hupata D, hufeli au hujitoa, hapo ndipo panapowekwa kiongozi, na mlango uko wazi kwa wote. Uri Treisman naye, kule Berkeley, aliwapa wanafunzi wa kalkulasi maswali magumu zaidi wayatatue pamoja, badala ya kuwapeleka kwenye masomo ya kufidia.

Sasa nifike ninapotaka kufika. Waandishi wawili wanashauri makundi haya yaendeshwe kwa Kiingereza tupu, “ili kuwazoeza mtihani”. Napinga kwa nguvu zangu zote. Mtanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali amejifunza kufikiri kuhusu dunia kwa Kiswahili, kisha sekondari hadi chuo akatakiwa aieleze kwa lugha nyingine. Kwenye mhadhara hunakili. Kwenye diskasheni ndiko anakosema anachokiamini, na hukisema kwa Kiswahili, akichanganya anapobidi.

Angalia mpira uliorushwa juu. Mwanafunzi ataandika F = ma na kupata alama zote. Mwulize usiku, akipiga msuli na wenzake, kwa nini unapunguza mwendo. Atasema: “Umeishiwa nguvu.” Sentensi hiyo ina kosa zima la fizikia ya kabla ya Newton: anaamini mkono umeuwekea mpira kitu kinachoendelea kuusukuma hadi kiishe. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, inatenganisha kani na nishati, lakini kwenye mazungumzo ya kila siku vyote viwili ni nguvu, na kosa limejificha ndani ya neno hilo. Mhadhiri anayesahihisha karatasi za Kiingereza hatalisikia hata akifundisha miaka thelathini. Mwenzake wa mwaka wa tatu analisikia, kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kulisema, naye anauliza: “Ukishaachia mkono, nani anausukuma?” Ukiifunga meza hiyo kwa Kiingereza, mwanafunzi ataleta fomula badala ya imani yake, na mwelekezi hatakuwa na cha kurekebisha.

Makala kutoka Nairobi kuhusu maabara za biolojia isomwe na kila mkuu wa idara. Ile ya makundi ya WhatsApp ni fupi na ina manufaa.

Toleo linafunguliwa na maandishi ambayo baadhi ya wajumbe wa bodi hawakuyaona kuwa makala. Ni kurasa nane za daftari la mwelekezi wa mwaka wa tatu, alimoandika kila Ijumaa maswali aliyoulizwa na kundi lake la kemia pamoja na majibu ya wanafunzi kabla hajawauliza chochote. Mhadhiri wake alilisoma kila Jumatatu asubuhi, na pembeni kwa wino mwekundu ameandika mada alizozirudia darasani kwa sababu ya kurasa hizo. Tumezichapa kama zilivyo, na Kiswahili chake kilichochanganyika, bila kusahihisha neno.